Shambulio la Basque Roads (1809)

Shambulio la Basque Roads ni mapigano ya baharini yaliyoanza usiku wa tarehe 11 Aprili 1809 mbele ya mlango wa mto Charente, pwani ya magharibi ya Ufaransa, ambapo Waingereza walizishambulia manowari za Kifaransa zilizokwama juu ya mafungu, yaani sehemu za mchanga na tope zinazoinuka chini ya maji hata kuzuia chombo kupita. Wafaransa huyaita mapigano ya kisiwa cha Aix. Ni miongoni mwa matukio mashuhuri ya vita vya Napoleon, na bishano lililozuka baada yake lilidumu kuliko mapigano yenyewe.

Bila kuyaelewa maji ya mahali hapo, mkasa wote hauwezi kueleweka. Kati ya kisiwa cha Aix na kisiwa kikubwa cha Oléron pana eneo la kutia nanga, na kwa upande wa bara, kuelekea mtoni ilikokuwa bandari ya kijeshi ya Rochefort, limelala fungu la Palles. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa sana na kupwa sana, tofauti kati ya kujaa na kupwa hufika zaidi ya mita 5. Merikebu iliyopwelewa juu ya fungu haiwezi kusimama wima, kwa kuwa mkuku wake, yaani ule uti wa chini unaobeba mbavu za chombo, ni mwembamba mno kuushikilia mwili wote wima bila ya maji au vigingi vya kuutegemeza ubavuni. Hivyo hulala ubavu, mizinga ya upande mmoja ikaelekea angani na ya upande wa pili ikaelekea matopeni. Katika hali hiyo manowari ya mizinga 74 inaweza kushambuliwa na chombo kidogo bila ya kujibu; lakini maji yakirudi, huinuka na kuwa ngome tena. Kwa hiyo nafasi ya mshambuliaji ni ya saa chache tu.

Manowari hizo za Kifaransa zilikuwa zimetoroka Brest mwezi Februari chini ya Admirali Willaumez, zikikusudia kufika Martinique, kisiwa cha Karibi kilichoangukia mikononi mwa Waingereza mwezi huohuo. Zilipofika Basque Roads zilizingirwa, na mojawapo, Jean-Bart, ikapotea juu ya fungu la Palles hata kabla ya vita. Mwezi Machi Willaumez aliondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na Zacharie Allemand, aliyebaki na manowari kubwa 11 na frigeti 4, yaani manowari nyepesi zenye mbio, akazipanga chini ya mizinga ya Aix na kuzikinga kwa kizuizi kirefu cha magogo kilichoshikiliwa kwa nanga.

Wakuu wa majeshi ya majini huko London walimtuma Kapteni Thomas Cochrane aongoze shambulio la merikebu za moto, yaani vyombo vilivyojazwa lami na vitu vya kuwaka, ambavyo huachiliwa vichukuliwe na upepo na mkondo hadi katikati ya adui. Uteuzi huo ulizusha uhasama. Lord Gambier, admirali mkuu wa kikosi kilichofanya mazingiwa na mtu wa dini sana, aliiona njia hiyo ya vita kuwa ya kutisha. Naye Eliab Harvey, admirali aliyekuwa chini yake, alikasirika kwa kurukwa kwa ajili ya kapteni kijana hata akamtukana Gambier, na kwa kosa hilo alifukuzwa jeshini, ingawa alirudishwa mwaka uliofuata.

Usiku wa tarehe 11, upepo ukivuma kuelekea kwa Wafaransa na maji yakijaa, Cochrane alitanguliza vyombo vilivyopakiwa baruti, na nyuma yake zikafuata merikebu za moto zipatazo 20. Nyingi ziliwashwa mapema mno na kupotea njiani. Hata hivyo kizuizi kilivunjika, na Wafaransa, wakidhani kila mwale wa moto umebeba baruti, walikata amari za nanga zao na kuchukuliwa na mkondo gizani. Kulipopambazuka, manowari kubwa mbili tu, Foudroyant na Cassard, zilikuwa bado zinaelea.

Asubuhi ya tarehe 12 ndiyo kiini cha jambo lote. Tangu alfajiri Cochrane alimpa Gambier ishara moja baada ya nyingine kwamba adui amekwama na nusu ya kikosi ingetosha kumwangamiza. Gambier alisogea, kisha akatia nanga tena maili kadhaa mbali, akihofia mizinga ya Aix na uchache wa maji. Wafaransa nao walikuwa wakitupa mizinga na shehena baharini ili vyombo vyao vipungue uzito, na maji yalipojaa kadhaa zikaanza kuelea, ikiwemo Océan ya Allemand yenye mizinga 120. Baada ya adhuhuri Cochrane aliingia peke yake na frigeti yake Imperieuse, kisha akatoa ishara ya kuomba msaada ambayo mkuu wake hakuweza kuipuuza. Manowari chache zilitumwa, na hadi usiku Ville de Varsovie na Aquilon zilikuwa zimejisalimisha, Tonnerre imechomwa na mabaharia wake wenyewe, na Calcutta, iliyotekwa kwa Waingereza mwaka 1805, imeteketea. Frigeti Indienne ilichomwa siku chache baadaye, ilhali Régulus ilibaki imekwama hadi tarehe 29, ilipojinasua na kuingia mtoni.

Nchini Ufaransa, Kapteni Lafon wa Calcutta alihukumiwa kwa kuiacha merikebu yake mbele ya adui na kupigwa risasi tarehe 9 Septemba, adhabu kali mno kwa mtu ambaye chombo chake kilikuwa kimekwama na kuachwa bila msaada. Nchini Uingereza, Cochrane, aliyekuwa pia mbunge, alitangaza kwamba angepinga azimio la Bunge la kumshukuru Gambier, naye Gambier akaomba ahukumiwe na mahakama ya kijeshi, ambayo ilimwachilia tarehe 4 Agosti 1809. Hukumu hiyo ilitegemea sana ramani zilizoonyesha kina cha maji na upana wa njia kati ya mafungu, na Cochrane, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1860, alikuwa bado anadai kuwa ramani hizo zilikuwa za uongo.