Padri Stefano Kaoze na ukuta wa rohoni

Tarehe 21 Julai 1917, kule Baudouinville (leo Moba), Monsenyori Victor Roelens wa Mapadri Weupe alimpa upadri Stefano Kaoze, Mkongo wa kwanza wa nyakati hizi kuupata. Alikuwa amesoma zaidi ya miaka 10.

Masomo yalikuwa magumu, lakini moyo wa watu ulikuwa mgumu zaidi. Wazungu wengi walishuku kama Mwafrika ataweza kuishi bila mke. Wazee wetu nao waliuliza: asiyezaa atakumbukwa na nani? Pande hizo mbili hazikupatana katika mengi. Katika shaka hiyo zilipatana. Na jibu lilikwisha kutolewa: mwaka 1518 Papa Leo X alimtaja Henrique, mwana wa mfalme Afonso wa Kongo, kuwa askofu.

Kwa mawazo yangu, mlango mwembamba ulikuwa kitubio. Kumwungamia mgeni wa mbali ni kitu kimoja. Kumpigia magoti mtoto wa kabila lako, anayejua ukoo wako na magomvi yake, ni kitu kingine. Hapo Mkristu alipaswa kusadiki sakramenti yenyewe.

Kaoze alifariki mwaka 1951. Mwaka 1956 Padri Pierre Kimbondo aliwekwa askofu.