Chakula cha Noeli katika Nyumba za Kambi

Kila mwaka Noeli inapokaribia, jamaa nyingi za Kolwezi huulizana neno moja: mwaka huu tutakula kwa nani? Mara nyingi huchaguliwa yule aliyepata nyumba mpya. Babu na bibi huketi, wajukuu hujaa uani, na mwenye nyumba hutumia kwa siku moja akiba ya miezi. Wengine husema ni kupoteza fedha bure. Lakini tukitazama historia ya nchi yetu ya shaba, tutaona kwamba chakula hiki kilipiganiwa.

Zamani, kabla ya Wazungu kufika, shaba na chakula havikuachana. Wasanga na majirani zao walichimba wakati wa kiangazi, kazi ya mashamba ilipokwisha. Waume kwa wake walikwenda pamoja na watoto. Hawa walichimba, hawa waliokota mawe ya kijani, na mafundi waliyayeyusha katika tanuru za udongo. Kazi hiyo waliiita kula shaba. Monsinyori Jean-Félix de Hemptinne, Mbenediktini, aliandika habari zao mwaka 1926, akawaita hivyo hivyo: wala shaba wa Katanga. Misalaba ya shaba ilinunua vitu, tena ilitolewa kuwa mahari. Basi shaba ilijenga ukoo.

Kisha mambo yaligeuka. Kampuni ya Union Minière iliundwa mwaka 1906. Reli ilifika Elisabethville mwaka 1910, na mwaka uliofuata shaba ya kwanza iliyeyushwa Lubumbashi. Wafanyakazi wa kwanza waliletwa kutoka mbali kwa mkataba wa miezi michache. Walikuja peke yao, wakalala katika vibanda vibaya, na ugonjwa uliwaua wengi. Wengine walitoroka. Shaba sasa ilimtoa mtu katika ukoo wake.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 Kampuni ilibadili njia. Ilitaka watu wa mkataba wa miaka mitatu, waje na wake zao. Haikuwa huruma tupu. Kuandika watu wapya kila mara kulikuwa na gharama kubwa, na mtu mwenye mke na watoto hatoroki upesi. Zikajengwa nyumba za matofali kwa mistari iliyonyoka. Kolwezi ulipoanza, katika miaka ya 1930, ulijengwa kwa mpango huo, na kambi zake, kama Musonoi na Ruwe, zilikaa karibu na machimbo. Kila juma mfanyakazi alipewa posho: unga, nyama au samaki, karanga, mafuta ya mawese, chumvi. Mke alikuwa na fungu lake, na watoto vilevile. Ndipo watu wakaanza kusema kwamba kazi ni baba, kazi ni mama.

Lakini baba huyo alikuwa na daftari. Katika daftari, jamaa ni mume, mke mmoja, na watoto wao. Bibi hakuandikwa, wala shangazi, wala mtoto wa marehemu ndugu. Mgeni hakulala kambini apendavyo. Wakubwa wa kambi walitaka kujua ni nani, na ataondoka lini. Kwa Mluba, Mlunda, Mchokwe au Mndembo, jambo hili lilikuwa gumu. Je, nyumba ambayo mama yako hawezi kukaa ni nyumba yako kweli?

Ndiyo sababu sikukuu ilikuwa na nguvu. Kwa siku chache mlango ulifunguliwa. Fungu la watu watano liligawanywa kwa watu kumi na watano. Desemba ni mwezi wa mvua. Huko vijijini mahindi hayajakomaa, na ghala zinapungua. Wazee walileta walichokuwa nacho, uyoga wa porini, asali, mihogo mikavu, nao walikuta bukari ya unga wa posho. Hivyo mji ulilisha kijiji, na kijiji hakikuja mikono mitupu.

Tena palikuwa na shida ya kuketi. Katika kambi, akina mama walifundishwa upishi na kushona, na jinsi ya kupanga meza kwa namna ya Ulaya: baba, mama na watoto pamoja. Lakini desturi zetu zasema mkwe hali mbele ya mkwewe, na wanaume hula upande wao. Nyumba ya vyumba viwili haikuwa na pande nyingi. Wengi walipatanisha mambo: meza kwa wanaume wazee, mkeka kwa akina mama nyuma ya nyumba, mama mkwe chumbani na sahani yake iliyofunikwa. Na firigisi ya kuku? Hata kama nyumba ilikuwa kwa jina la kijana, firigisi ilikwenda kwa mzee. Daftari lilisema mwenye nyumba ni nani. Firigisi ilisema mkubwa wa jamaa ni nani.

Katika miaka ya 1950 Padri Placide Tempels, Mfransisko, mwandishi wa kitabu kuhusu falsafa ya Kibantu kilichotoka mwaka 1945, alifanya utume kati ya wafanyakazi wa Kolwezi. Kutokana na mazungumzo yake na mume na mke nyumbani mwao kilizaliwa chama kilichoitwa Jamaa. Watu wake waliitana baba na mama, wakatembeleana bila kuuliza kabila, wakafundishana uzima, uzazi na mapendo. Baadaye palizuka mabishano, na maaskofu walilazimika kuonya. Hata hivyo neno moja lilibaki: jamaa haifanywi na mkataba. Yafanywa na watu wanaopokeana.

Neno hilo lilijaribiwa vikali. Mwaka 1967 mali ya Union Minière nchini ilitwaliwa na Serikali, na kampuni mpya ikawa baadaye Gécamines. Mwaka 1978 vita viliingia Kolwezi. Mwaka 1992 na 1993, kwa maneno ya chuki ya wanasiasa, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi, hata waliozaliwa hapa. Makundi makubwa yalingoja treni stesheni, na wengi walikufa. Nyumba ambamo mume alikuwa wa huku na mke wa kule zilipasuliwa. Walioketi mkeka mmoja siku ya Noeli walisahauliana. Tusilifiche jambo hili, maana ni aibu yetu sote.

Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliachishwa kwa malipo ya mara moja. Baba wa daftari amekwenda zake. Hakuna tena posho ya juma. Katika mtaa wa Kasulo, tangu mwaka 2014, watu walichimba kobalti chini ya sakafu zao, na mwaka 2017 wengi walihamishwa. Mji wetu, makao makuu ya jimbo la Lualaba tangu 2015, umejaa watu walioingia nyumba mpya, wengine kwa furaha, wengine kwa kuhamishwa.

Ndugu wasomaji, yatupasa kujifunza nini? Wazazi wetu walikuwa na nyumba isiyo yao, unga wa kupimwa na mgeni wa kuombewa ruhusa. Hata hivyo walikaribisha. Sisi hatuombi ruhusa kwa mtu. Basi unayeingia nyumba mpya mwaka huu, usingoje viti vitimie. Mwite bibi, mwite mkwe, umtengee mahali pa heshima. Mwite na jirani wa kabila lingine, hasa yule ambaye jamaa zake walipanda treni mwaka ule. Bukari ikipungua, ongeza maji ya mboga. Bwana wetu mwenyewe alizaliwa mahali pa kuazima, na wageni walipokewa huko.