Orodha ya Wenye Njaa: Tangu Kalamu Hata Ordinatere

Mtaa wetu unaitwa Mapendo, na jina hilo ni deni. Katika Yubile hii tukumbuke kazi moja isiyo na sifa nyingi: kuandika majina ya wanaopaswa kupewa chakula.

Kazi hiyo ni ya zamani kama Kanisa. Matendo ya Mitume, sura ya 6, inaeleza namna wajane wenye kusema Kigiriki walivyosahauliwa katika ugawaji wa kila siku. Hatusomi kwamba chakula kilipungua. Tunasoma kwamba watu walisahauliwa. Dawa ya Mitume ilikuwa kuchaguliwa watu 7 wenye sifa njema.

Goma ilijifunza jambo hilo kwa uchungu. Mwezi wa Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda karibu milioni moja waliingia kwetu kwa siku chache, na kipindupindu kikaua maelfu kwa maelfu. Katika kambi za Kibumba, Katale na Mugunga, chakula kilipitia kwanza mikononi mwa wakubwa waliotoka nao Rwanda, na kati yao walikuwamo wenye hatia ya mauaji ya kimbari. Walizidisha hesabu ya watu, na ziada ikawapa nguvu juu ya wanyonge. Mwanzoni mwa 1995, HCR iliwaandikisha wakimbizi, na hesabu ikashuka. Ndipo ilipoonekana wazi: mwenye kushika orodha ndiye mwenye kushika chakula.

Tarehe 17 Januari 2002, moto wa Nyiragongo ulishuka mjini, ukateketeza Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu na maelfu ya nyumba. Jamaa iliyojulikana kwa nyumba yake ikakosa alama. Tena mwezi wa Januari 2025 vita ilifika Goma, na mwezi wa Februari kambi za kando ya mji zikavunjwa. Aliyeandikwa kwa jina la kambi, atafutwe wapi?

Leo ordinatere inasaidia kitabu na jetoni. PAM hutumia hata alama za vidole. Orodha ikitengenezwa upya vizuri, kila jamaa hupata namba moja, nayo huifuata popote inapohamia; kuzaliwa na kufa huandikwa; aliyejiandikisha mara mbili huonekana.

Lakini mashine haimjui asiyeandikwa. Mama mzee asiye na karti, yatima anayelala kwa jirani: hao wanajulikana na shirika lao. Kwa hiyo, kabla orodha haijafungwa, wazee wa shirika waulizwe nani amesahauliwa. Mwenye kuandika asiwe mwenye kugawa. Na majina yatunzwe kwa siri, kwani jina la mkimbizi likifika kwa adui yake laweza kumwua.

Mchungaji Mwema huwaita kondoo wake kila mmoja kwa jina. Atujalie sisi wa Mapendo tusimsahau hata mmoja. Amina.