Mtaalamu huru wa masoko mtandaoni

Mtaalamu huru wa masoko mtandaoni ni mtu anayeitafutia biashara wateja kupitia intaneti kwa makubaliano ya kazi na muda, bila kuwa mwajiriwa wake. Huandaa picha na video, huandika maneno ya matangazo, huendesha kurasa za Instagram, Facebook na TikTok, hulipia matangazo na kusoma matokeo yake. Dar es Salaam wengi humwita kwa kazi inayoonekana zaidi: "mtu wa kusponsa" au "admini wa peji". Majina hayo yanaficha mengi, kwani kubonyeza kitufe cha kulipia tangazo ni sehemu ndogo kabisa ya kazi yake.

Chimbuko

Zamani mwenye duka alitegemea mpiga debe, bango, redio na gari lenye vipaza sauti. Mwaka 2007 M-Pesa ilianza Kenya, ikaingia Tanzania mwaka uliofuata. Mwaka huohuo wa 2007 Facebook ilifungua kurasa za biashara na matangazo ya kulipia. Instagram ikaja 2010, WhatsApp Business 2018. Mambo hayo yalipokutana, muuza nguo wa Kariakoo aliweza kuonyesha gauni asubuhi, kupokea pesa kwa simu mchana na kulipakia kwenye basi la Mbeya jioni. Alichokosa ni muda na ujuzi, na hapo vijana wengi wakapata riziki.

Kumpata

Njia kuu bado ni kuelekezana: muuza viatu humuuliza jirani yake nani anaishughulikia peji yake. Wapo pia wanaopatikana kwenye masoko ya kazi ya mtandaoni kama Fiverr, lililoanza 2010, na Upwork, lililopewa jina hilo 2015 baada ya Elance na oDesk kuungana. Kenya ina mpango wa serikali wa Ajira Digital, ulioanza 2016, unaowafundisha vijana kazi za aina hii.

Mwombaji kazi huja na picha za skrini za matangazo yaliyofikia maelfu ya watu. Picha ya skrini huhaririwa kwa dakika chache. Heri kumwomba afungue akaunti ya matangazo mbele yako, kama mteja wake ameridhia, aivute skrini ijipakie upya, kisha asimulie tangazo moja tangu mwanzo: lilimlenga nani, lilikula shilingi ngapi, wangapi waliuliza, wangapi walinunua. Anayeijua kazi hukumbuka pia tangazo lililomshinda na sababu yake. Anayeahidi wafuasi elfu kumi ndani ya mwezi aachwe. Wafuasi hununuliwa, na wafuasi wa kununua hawaji dukani.

Baada ya hapo hufuata kazi ya majaribio, tuseme ya wiki mbili, nayo ilipwe. Kumtaka mtu atengeneze matangazo matatu bure "tuone uwezo wako" ni dhuluma, ingawa imezoeleka.

Funguo za biashara

Kosa linaloumiza kuliko yote hutokea siku ya kwanza, tena kwa nia njema. Mwenye duka ametingwa, anamwambia kijana: "Mdogo wangu, we nifungulie tu hiyo peji, mambo haya unayajua mwenyewe." Kijana anaifungua kwa barua pepe yake na namba yake ya simu. Tanzania laini husajiliwa kwa alama za vidole, utaratibu ulioanza 2019, kwa hiyo laini iliyosajiliwa kwa kidole cha kijana ni ya kijana. Siku wakikosana, mwenye duka anajaribu kuingia, na tarakimu sita za uthibitisho zinatumwa kwenye simu isiyo mkononi mwake. Peji ina jina la duka lake, picha za bidhaa zake na ujumbe wa wateja wake wote, naye yuko nje anagonga. Wala si lazima kijana awe na nia mbaya. Inatosha apoteze simu au apate kazi mkoa mwingine.

Kwa hiyo laini, barua pepe, peji na akaunti ya matangazo viandikishwe kwa mwenye biashara kabla ya posti ya kwanza. Meta, kampuni inayomiliki Facebook, Instagram na WhatsApp, ina sehemu ya kusimamia biashara ambamo mmiliki humpa mtu ruhusa ya kufanya kazi fulani bila kumpa nywila. Google nayo hutofautisha mmiliki na msimamizi katika taarifa za biashara zinazoonekana kwenye ramani. WhatsApp huruhusu vifaa vinne kuunganishwa na namba moja, hivyo msaidizi hujibu wateja kwa kompyuta yake huku simu yenye laini ikibaki dukani. Jina la tovuti, liwe la .co.tz au .co.ke, lisajiliwe kwa jina la biashara, si la aliyeijenga.

Ujira na pesa ya tangazo

Mazoea ya mjini ni kutoa kiasi kimoja kwa mwezi, "cha kila kitu". Hapo mwenye duka hajui ngapi imeliwa na tangazo na ngapi ni jasho la kijana, na kijana hana namna ya kujitetea akituhumiwa. Ujira ukae peke yake, pesa ya tangazo peke yake. Mwenye biashara alilipie tangazo mwenyewe kwa kadi ya benki au kadi ya mtandaoni inayotolewa kupitia pesa za simu. Kenya, Safaricom ilizindua kadi ya aina hiyo, GlobalPay, pamoja na Visa mwaka 2022. Akaunti ya matangazo huonyesha kila shilingi iliyokatwa na risiti yake. Kodi ya ongezeko la thamani nayo huweza kuongezwa juu, kwa hiyo iwekwe kwenye bajeti mapema.

Chukua mfano wa duka la magauni ya vitenge. Tangazo la shilingi 10,000 kwa siku limekwenda siku 10, jumla 100,000. Watu 80 wamekuja WhatsApp, sawa na shilingi 1,250 kwa kila anayeuliza, na ukiishia hapo utafurahi. Lakini walionunua ni 12, kila mmoja amegharimu takriban shilingi 8,333, na faida ya gauni moja ni 6,000. Duka limepata hasara hata kabla ya kumlipa mtaalamu.

Ukizisoma zile jumbe 80 utakuta mara nyingi tatizo liko upande wa duka. Mteja kauliza saa mbili usiku, kajibiwa kesho yake saa tano asubuhi. Tangazo limesema "bei njoo inboksi", amekuja, ameambiwa saizi yake imekwisha. Mtaalamu huleta watu mlangoni. Bidhaa, bei na majibu ni vya mwenye duka, na makubaliano yataje wazi nani anajibu na kwa saa zipi.

Kila Jumatatu, karatasi moja inatosha: pesa iliyotumika, walioulizia, walionunua, na kitakachobadilishwa wiki hiyo. Idadi ya marekebisho ya kila bango iandikwe pia. Bila hivyo "rekebisha kidogo tu" huja mara saba, nyingine usiku wa manane, na hakuna ujira unaoongezeka.

Sheria

Neno "huru" halitoshi kumfanya mtu asiwe mwajiriwa. Tanzania, kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 humchukulia mtu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwapo dalili hata moja kati ya zilizotajwa: saa zake za kazi zinadhibitiwa, anapewa vifaa, anamtegemea mtu mmoja kwa kipato, au amefanya kazi wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu. Admini anayeripoti dukani kila siku saa mbili asubuhi anakaribia sana ajira.

Orodha ya namba za wateja nayo si ya kugawa ovyo. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019. Ya Tanzania ilipitishwa 2022 ikaanza kutumika Mei 2023. Mtaalamu akizipakia namba hizo kwenye mfumo wa matangazo, mwenye biashara aliyezikusanya haepuki wajibu.

Kuachana

Makubaliano mazuri hutaja mapema siku ya kumaliza. Sehemu ya mwisho ya ujira hulipwa siku ya makabidhiano, si "nikipata nitakutumia". Wawili hao hukaa meza moja: faili za picha na video zinahamishwa, matangazo yanayoendelea yanaangaliwa moja moja, vifaa vilivyounganishwa na WhatsApp vinaondolewa, jina la mtaalamu linafutwa kwenye orodha ya wenye ruhusa, na pesa yake inaingia kwenye simu kabla hajasimama.