Namna Watu wa Inje Wanavyotuhukumu: Kivu, 1994 hadi 1996

Wengi wenu mnauliza: mbona watu wa Ulaya na Amerika wanasema sana juu ya vita vyetu, na maneno yao hayafanani na yale tuliyoona? Leo tujibu kwa historia.

Mwezi wa 7 mwaka wa 1994, serikali iliyoendesha mauaji ya kimbari ya Watutsi katika Rwanda ilishindwa vita. Karibu watu milioni moja waliingia Goma kwa siku chache, na kipindupindu kikaua makumi ya maelfu. Waandishi wa habari wa dunia nzima walikuja. Kwa nini Goma, wakati hapa kwetu pia mamia ya maelfu walivuka Ruzizi? Sababu moja ni nyepesi: kiwanja cha ndege cha Goma kiko mjini kabisa, lakini toka Kavumu mpaka Bukavu ni kilometa 30 hivi. Kamera hukaa pale ndege inapotua.

Basi mtu wa Paris au Chicago aliona watoto wanakufa kando ya barabara, akatoa pesa. Huruma ile iliokoa wengi, tusiicheke. Lakini picha haikuonyesha nani anatawala kambi. Askari wa serikali iliyoshindwa na Interahamwe walikuwa mle ndani, wakishika chakula na kuzuia watu kurudi kwao. Médecins Sans Frontières ya Ufaransa iliondoka kambini mwezi wa 11 mwaka ule kwa sababu hiyo. Habari hizo zilipoenea, watu walewale waliolia wakaanza kuona kila mkimbizi ni muuaji. Bibi aliyebeba mjukuu mgongoni na mtu aliyeshika panga wakapewa jina moja.

Ndipo vita vya 1996. Askofu mkuu wetu, Christophe Munzihirwa, alikuwa ameandika miito mingi kwa wakubwa wa inje. Aliuawa hapahapa Nyawera tarehe 29 mwezi wa 10. Tarehe 15 mwezi wa 11, Baraza la Usalama lilikubali kutuma jeshi la mataifa mengi, likiongozwa na Kanada. Siku zilezile kambi ya Mugunga ikafunguka, na mamia ya maelfu wakarudi Rwanda mbele ya kamera. Wakubwa fulani wakasema: wamerudi, kazi imekwisha. Mashirika ya msaada yakasema: mamia ya maelfu wangali msituni. Waligombania hesabu, na mwezi wa 12 mpango wa jeshi ukaachwa. Watu wa kambi za Kashusha na INERA walikuwa wamekwisha kukimbia, wengi wakielekea Shabunda na Tingi-Tingi, na kule porini hapakuwa na picha za kumaliza ubishi. Wengi hawakutoka.

Sasa tujipime sisi wenyewe. Mtu wa Bukavu akisikia Israeli na Palestina, mara nyingi ana upande wake kabla habari haijaisha. Mmoja anafungua Biblia, mwingine anafuata msikiti wake. Ni wangapi kati yetu wanajua kwamba Betlehemu kuna Wapalestina Wakristo? Kwamba mwaka wa 1948 Wapalestina 700,000 hivi walikimbia ama walifukuzwa, na miaka iliyofuata mamia ya maelfu ya Wayahudi wakaacha nchi za Waarabu? Mama aliyepata kulala na watoto katika darasa la shule angeelewa pande zote mbili haraka kuliko mwenye kupiga kelele. Kwa vita vile, sisi ndio watu wa inje.

Mimi nimesoma sheria, na mahakamani «niliona» si «nilisikia». Mgeni akija na daftari lake, chefu asianze na kabila la mshambuliaji. Aanze na mahali, siku, saa, kisha alichoona kwa macho. Alichosikia, aseme ni cha kusikia, na kwa nani. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya tarehe 1 mwezi wa 10 mwaka wa 2010, yenye visa 617 vya toka 1993 mpaka 2003, ilihoji mashahidi zaidi ya 1,200, na haikukubali kisa kwa chanzo kimoja peke yake.

Juma lijalo tutaonyesha namna ya kuandika ushuhuda. Wenye kalamu na karatasi wakae nazo karibu na redio.