Kukosa sifa

Kukosa sifa ni hali ya mtu kutotimiza masharti ya kuchaguliwa au kupewa nafasi. Kiingereza husema ineligible, neno lenye asili ya Kilatini eligere, yaani kuchagua kwa kuokota kati ya vingi. Asiyestahili ni yule asiyeokoteka. Kiswahili kilipita njia nyingine. Sifa ni neno la Kiarabu lenye maana ya namna kitu kilivyo, na stahiki ina mzizi mmoja na haki. Ajabu ni kwamba sifa hiyohiyo ni pongezi, hivyo "hana sifa" huuma kuliko sheria ilivyokusudia.

Kwa mfano, mkazi wa Nkowe, kata ya Wilaya ya Ruangwa mkoani Lindi, akitaka ubunge hupimwa kwa Ibara ya 67 ya Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977: awe raia, ametimiza miaka 21, anajua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na hajatiwa hatiani kwa kukwepa kodi katika miaka 5 kabla ya uchaguzi. Lazima pia adhaminiwe na chama cha siasa. Sharti hilo la mwisho Mahakama ya Afrika ililipinga mwaka 2013, katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila.