Neno kwa Neno: Emuleta si simuleta

Kagongwa, kando ya barabara ya Isaka kwenda Kahama, nilikaa kwenye benchi la mashineni nikingoja mpunga wangu ukobolewe. Vijana wawili wameinamia simu moja, wanacheza mpira wa PSP, ile mashine ya gemu ya mkononi. "Shikamoo mzee. Hii ni simuleta," mmoja akanieleza, "yaani gemu iliyoletwa kwenye simu." Nikacheka, ingawa mantiki yake niliipenda. Bahati mbaya simu yetu ina asili ya Uajemi, ambako "sim" ni waya. Simuleta inatoka Kilatini, kwenye neno la kufanana. Simuleta ni ile gemu ya kuendesha mabasi: usukani unauona, abiria unawaona, basi lenyewe halipo.

Alichokuwa nacho kijana ni emuleta. Neno hilo nalo ni la Kilatini, kwa maana ya kushindana na mtu hadi umfikie. Mafundi wa IBM wakalihamishia kwenye kompyuta miaka ya 1960. Emuleta kama PPSSPP, iliyotoka 2012, huchukua gemu ileile ya PSP na kutafsiri amri zake, simu ikafanya kazi ya mashine ambayo haipo. Kwa hiyo msiiite "PSP feki". Feki humdanganya mnunuzi. Emuleta inaidanganya gemu tu. Mimi ningeiita kiigizi, si kiigaji: kuiga ni kufuatisha, kuigiza ni kushika nafasi ya mwingine. Kijana alilijaribu neno mara moja, akarudi kwenye mpira wake. Mchele wangu nao ulikuwa tayari.